Kiswahili cha Kuamuru na Kiswahili cha Kusikilizana

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" hufundishwa shuleni kama onyo kwa mgeni anayekawia kuondoka. Lakini methali hiyo ina upande wa pili, ambao walimu hatuukazii sana. Mgeni aliyekwisha kupewa jembe amepewa pia mahali pa kulima na majirani wa kulima nao. Ameingizwa katika hesabu ya watu wa pale. Sisi, mume na mke kutoka Tanga, tunaishi Kakiika, katika mji wa Mbarara, magharibi ya Uganda, na huu ni mwaka wetu wa tatu. Mmoja wetu ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na mwingine ni fundi cherehani. Twapenda kuwasimulia walimu wenzetu na wanafunzi wa lugha yetu namna tunavyoishi na mahali tunakotembea, na zaidi ya hayo, namna Kiswahili tulichokuja nacho kilivyopokewa. Maana hatukuja na jembe jingine ila hilo.

Kakiika iko upande wa kaskazini-mashariki ya mji, kandokando ya barabara kuu iendayo Masaka na Kampala. Mbarara ilipandishwa hadhi ikawa jiji mwezi wa Julai 2020, na Kakiika ikawekwa katika Tarafa ya Kaskazini ya jiji hilo. Hata hivyo, mtu akitoka nyumbani kwetu na kutembea kwa miguu muda mfupi tu, huikuta migomba, na nyuma ya migomba malisho ya ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu zilizopinda kama mwezi mchanga. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa watu wa pwani kama sisi, asubuhi za huku ni za baridi, na chai huandaliwa mapema kuliko tulivyozoea kwetu.

Chai hiyo ndiyo iliyotupa somo la kwanza la lugha ya wenyeji. Siku za mwanzo mwenye duka lililo karibu alituuliza kama tunataka "amate". Tulitazamana tusiweze kujibu. Kwetu mate ni kitu cha kutema. Kwao amate ni maziwa, tena ni fahari ya nchi nzima ya Ankole. Tulicheka wote watatu alipotuonyesha kopo. Tangu siku ile tukaanza kuyatega masikio, na tukaona kwamba Kinyankole na Kiswahili ni ndugu wanaofanana sura. Mtu ni omuntu, mwana ni omwana, nyama ni enyama, maji ni amaizi. Tena kuna maneno ambayo si ya undugu wa zamani, bali yalisafiri na biashara kutoka pwani: eduuka, esabuuni, ebaruha, ekitabo. Hata saa wanaiita shaaha, na wanaihesabu kama sisi, tangu kupambazuka kwa jua, hivyo kwamba saa mbili yetu ndiyo saa mbili yao. Watu wanaotuambia kwamba hawajui hata neno moja la Kiswahili huyatamka maneno hayo kuanzia asubuhi hadi jioni pasipo kufikiri.

Basi tuliamua kujifunza Kinyankole kwanza, kabla ya kumtaka mtu yeyote ajifunze lugha yetu. Twaamkia "Agandi?", nasi twaitikiwa "Nimarungi", yaani habari ni njema. Jioni twauliza "Osiibire ota?", umeshindaje. Maamkizi ya huku hayaendi mbio. Mtu akikutana na jirani hawezi kupita kwa neno moja. Sharti aulize habari za watu wa nyumbani, na za ng'ombe, na za mvua. Katika jambo hilo mtu wa Tanga hapati taabu, kwa kuwa hata kwetu salamu fupi huhesabiwa kuwa ukosefu wa adabu.

Jumapili, kama hali ya mfuko yaruhusu, twatoka kutembea. Mara nyingi twapanda gari hadi Biharwe, kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini katika barabara hiyo hiyo ya Masaka, kwenye kituo cha utamaduni cha Igongo. Humo mna makumbusho ya vyombo na desturi za watu wa nchi hii: vibuyu vya maziwa, mikuki, vitambaa vya magome ya mti. Humo pia hupatikana ugali wa ulezi pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa hadi ikawa laini, ambao hapo zamani haukukosekana katika karamu za harusi. Karibu na hapo umesimamishwa mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua mwaka 1520. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba mfalme wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe alioteka, na jua lilipotiwa giza mchana, yeye na jeshi lake wakaingiwa na hofu, wakakimbia na kuwaacha ng'ombe. Safari nyingine, ambazo ni chache zaidi kwa sababu ya gharama, zimetufikisha kwenye hifadhi ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, tukawaona pundamilia na swala wakilisha mbali kidogo na ng'ombe wa wafugaji.

Katika mizunguko hiyo yote tuliona jambo moja ambalo halikutuelea mara moja. Tukisema Kiingereza, tunajibiwa. Tukijaribu Kinyankole chetu kibovu, tunajibiwa kwa kicheko na furaha. Tukisema Kiswahili sisi wawili kwa wawili, katika gari au sokoni, watu wazima waliokaa karibu nasi hunyamaza. Haukuwa uadui, maana baada ya dakika chache mazungumzo yalirudi. Ulikuwa ni ukimya wa mtu aliyesikia hatua nje ya mlango, naye anangoja ajue ni za nani.

Aliyetufumbulia jambo hilo ni bibi mmoja jirani yetu, ambaye umri wake umepita miaka sabini. Tulikuwa tumekaa naye tukimsaidia kupukuchua maharage, ndipo akatuambia kwamba yeye pia anakijua Kiswahili. Tulifurahi, tukamwomba aseme. Akaweka chini ungo, akahesabu kwa vidole: "Fungua. Lete. Kaa chini. Toka. Kimbia." Kisha akaokota ungo wake akaendelea na kazi.

Wasomaji walio walimu wataona mara moja, kama tulivyoona sisi, kwamba maneno yote matano yako katika hali ya kuamuru. Bibi huyu hakuwahi kusikia Kiswahili kikiuliza, wala kikishukuru, wala kikisimulia. Alikisikia vinywani mwa watu wenye bunduki. Mbarara ilikuwa na kambi ya jeshi katika utawala wa Idi Amin, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya askari. Mnamo Septemba 1972 wapinzani wa Amin waliokuwa uhamishoni waliingia kutoka Tanzania wakaishambulia kambi hiyo, wakashindwa. Tena Februari 1979, baada ya Amin kuivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Tanzania yaliuteka mji huu, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa. Sisi Watanzania tumezoea kuisimulia vita ile kama habari ya ushindi, nayo ilikuwa na haki yake. Lakini mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba yake Mbarara aliyasikia majeshi ya pande zote mbili, na pande zote mbili zilimwambia "Fungua" kwa lugha moja. Hakutulaumu. Alitueleza tu kilichomo katika sikio lake.

Tungalikaa Kakiika tu, huenda tungalidhani kwamba huo ndio mwisho wa habari za Kiswahili katika sehemu hizi. Lakini kazi ya ushonaji ilitupeleka Nakivale. Huko, tuliambiwa, wanawake wa Kikongo huuza vitenge vizuri kwa bei ya kadiri.

Kwenda Nakivale tunapita mjini, tunavuka mto Rwizi, tunashika barabara ya lami iendayo Isingiro. Barabara hiyo ikifuatwa hadi mwisho huteremka Kikagati kwenye mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Murongo, nchi yetu. Nasi hatufiki huko. Njiani twaiacha lami tukaingia njia ya vumbi, twapita vilima vilivyojaa migomba, kisha twateremkia nchi tambarare iliyo kavu zaidi, yenye migunga. Mto ule ule wa Rwizi tuliouvuka mjini hupeleka maji yake katika maziwa ya upande huu, Mburo na Nakivale. Ziwa Nakivale ndilo lililoipa makazi jina.

Makazi hayo ya wakimbizi ni miongoni mwa ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, ili kuwapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja: Wakongo ndio wengi, nao Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Hakuna ukuta wala seng'enge kuwazunguka. Kwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, na kwa desturi ya serikali familia inayowekwa katika makazi hupewa kipande cha ardhi. Twaweza kusema kwamba hapa methali yetu imegeuzwa kuwa utaratibu wa nchi: mgeni hupewa jembe. Lakini watu wameongezeka na vipande vimepungua, na tangu mwaka 2020 mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara kwa uhaba wa fedha. Kwa hiyo wengi hawana njia ila kuuza na kununua wao kwa wao.

Nao wauziane kwa lugha gani? Mkongo wa Kivu, Mrundi, Msomali na Mnyankole aliyeleta ndizi zake hawana lugha ya mama inayowaunganisha. Kiingereza ni cha shuleni na ofisini. Kifaransa hakimfai Msomali. Katika soko la Base Camp tulikisikia Kiswahili kila upande, tena cha kila namna. Mrundi mmoja alizungumza Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Msomali mwenye duka alikuwa na Kiswahili alichojifunza Kenya. Mama wa Kivu anayetuuzia vitenge alitupokea kwa kusema, "Mukuje, tusikilizane. Bitu byote biko hapa."

Neno lile "tusikilizane" lilitukaa moyoni. Maana yake katika soko ni kupatana bei. Hata katika Kiswahili sanifu tunalo, lakini pale sokoni lilikuwa likitumika mchana kutwa, kwa nyanya, kwa sombe (ndicho kisamvu chetu), kwa lengalenga (ndio mchicha), kwa nauli ya pikipiki. Na vitenzi vilivyokizunguka kikao kile vilikuwa vya namna hiyo hiyo: unipunguzie, nikuongeze, tusaidiane, mutusamehe. Hapakuwa na mwenye nguvu ya kumwamuru mwenziwe. Muuzaji alimhitaji mnunuzi, na mnunuzi alimhitaji muuzaji, na wote wawili walikuwa wageni. Kiswahili hicho kilijaa viambishi vya kutendea na kutendana, vile ambavyo darasani huwachosha wanafunzi wetu wa kidato cha pili.

Asije mtu akafikiri kwamba Wakongo hawa hawakijui Kiswahili cha bunduki. Siku moja, baada ya kuzoeana, tulimsimulia mama yule habari za bibi wa Kakiika na maneno yake matano. Alitikisa kichwa. "Hata wale waliokuja kwetu usiku walisema Kiswahili," akajibu. "Walisema vilevile: fungua, lete." Akakunja kitenge chetu, akakifunga kwa kamba. "Lakini mama yangu alinibembeleza kwa Kiswahili. Niache kukisema kwa sababu yao?"

Hatukuwa na jibu la kuongeza, wala halikuhitajika. Lugha ile ile, amri zile zile. Lakini mmoja alikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza mgongoni mwa mama yake, na mwingine alikisikia kwa mara ya kwanza mlangoni usiku. Twaona kwamba tofauti iko hapo.

Jambo jingine linatutenga na watu wale, na si haki kulificha. Sisi tulikuja Uganda kwa hiari. Tukichoka, basi litatufikisha kwetu. Mama yule alipotuuliza kama Tanga ni mbali, tulimweleza siku za safari na nauli. Naye hakutueleza kwao ni mbali kiasi gani, ingawa mpaka wa Kongo uko karibu zaidi kuliko pwani yetu.

Tuliporudi Kakiika tuliyatazama mambo ya shuleni kwa jicho jingine. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ni habari njema kwa chama chetu. Lakini lugha haimwingii mtu kwa azimio. Humwingia kwa maneno ya kwanza anayoyasikia.

Mjukuu wa bibi jirani yetu, msichana wa shule ya msingi, alikuja jioni moja kumwonyesha nyanya yake alichofundishwa. Akasimama wima katikati ya ua, akasema kwa sauti kubwa: "Simama! Kaa chini! Fungua kitabu! Funga mlango!" Mtoto alitamka vizuri sana. Bibi aliacha maharage mikononi, akamtazama mpaka alipomaliza, wala hakusema neno.

Mwalimu aliyefundisha somo lile hakukosea kwa kipimo cha ufundishaji. Vitabu vingi vya lugha huanza na amri, kwa kuwa amri ni fupi, na mtoto huweza kuitenda papo hapo. Sisi wenyewe tulifundishwa hivyo. Lakini katika mji kama Mbarara, somo la kwanza huvuka ukuta wa darasa likamfikia bibi aliyekaa uani. Tulimwita msichana yule, tukamfundisha amwendee nyanya yake, ainame kidogo, aseme "Shikamoo, bibi." Bibi akauliza maana yake. Tulimweleza kwa Kinyankole chetu kwamba ni maamkizi ya kumheshimu mkubwa, na kwamba huitikiwa "Marahaba". Akakaa kitambo. Kisha akauliza, "Na hicho nacho ni Kiswahili?"

Swali hilo twaliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili, kwa sababu ni letu sote. Twapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote, hata asiye na vitabu.

Kwanza, katika nchi ambamo Kiswahili kilikuja na jeshi, somo la kwanza na liwe maamkizi, na la pili liwe kuomba na kushukuru. Amri zaweza kungoja. Mtoto aanze na "naomba" na "tafadhali", na akifika kwenye "fungua" awe amekwisha kujua kwamba lugha hii ina njia nyingine ya kumwendea mtu.

Pili, mwalimu wa Ankole asikifundishe Kiswahili kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni. Aanze na eduuka, ebaruha na omuntu. Mwanafunzi akiona kwamba nusu ya kazi imekwisha kufanyika kinywani mwake, hofu humpungua.

Tatu, tusiwadharau wasemaji wa Nakivale. Aghalabu hulalamikiwa kwamba walimu wa Kiswahili hawatoshi Uganda, na huku mwendo wa saa chache kutoka Mbarara wako maelfu ya watu wanaoishi kwa lugha hiyo. Ni kweli kwamba Kiswahili chao si sanifu. Lakini "bitu byote biko hapa" si fujo. Ni upatanisho kamili wa ngeli, wenye kiambishi bi- mahali pa vi-, kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake. Mnyankole asemaye ebintu anaufahamu mara moja, pengine kabla ya Mtanga. Mwalimu aufundishe usanifu kwa ajili ya mtihani, lakini awaonyeshe wanafunzi kanuni iliyomo katika usemi wa jirani, badala ya kuupiga mstari mwekundu. Na mkimbizi mwenye elimu ya ualimu, akipata mafunzo ya ziada, atalifaa darasa ambalo hivi sasa halina mwalimu.

Nne, tunapofundisha historia ya Kiswahili tusiishie kwenye mashairi, biashara na ukombozi. Tuseme pia kwamba kilitumiwa na wenye silaha, katika nchi hii na katika nchi nyingine. Watoto wa Mbarara watalisikia jambo hilo nyumbani hata tukinyamaza, na tukinyamaza watatuona sisi hatusemi kweli.

Bibi yule bado hajatuitikia kwa Kiswahili, nasi hatumhimizi. Twamwamkia kwa Kinyankole, naye hutuletea maziwa. Mjukuu wake huja kwetu siku za Alhamisi baada ya shule, na juma lililopita alianza kujifunza kauli ya kutendana. Mfano wa kwanza tuliomwandikia ubaoni ulikuwa kusikilizana.